Lithiamu inafanya nini ndani ya seli

Dada, umeuliza inakuwaje chumvi tu kama lithiamu imtulize mdogo wako mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kazi yake iko ndani ya seli za ubongo. Serotonini, kwa mfano, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, ikigusa kipokezi (sehemu ya kupokea ujumbe) kwenye utando wa seli, haiingii. Ndani huachiliwa wajumbe wengine, na mmoja wao chanzo chake ni inositoli, kitu kinachofanana na sukari. Lithiamu hukizuia kimeng'enya kinachorudisha inositoli itumike tena, kwa hiyo ujumbe uliozidi hupungua nguvu. Huzuia pia kimeng'enya kingine kiitwacho GSK-3. (Daktari John Cade wa Australia alitangaza matokeo yake ya kutibu wagonjwa kwa lithiamu 1949, haya yote hayajajulikana!) Ila mdogo wako asimeze ibuprofeni ovyo: dawa hiyo ya maumivu hufanya figo zibakize lithiamu mwilini, na kiwango chake kwenye damu hupanda hadi kuwa sumu.