Hesabu tando kabla ya kukariri majina

Nikiwa kidato cha tano nilikuwa na daftari zuri la Baiolojia. Seli ya mnyama niliichora kwa bluu, ya mmea kwa kijani, majina yote pembeni. Niliyakariri hadi nikawa nayataja njiani nikienda kuchota maji. Kisha mtihani ukaja na swali la mstari mmoja: oksijeni ikitoka kwenye hewa ya kifuko cha mapafu hadi kuifikia himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, inavuka tando ngapi, yaani ngozi nyembamba zinazofunika seli na sehemu zake? Nikaandika moja. Jibu ni tano.

Swali lile lilibadilisha namna yangu ya kusoma, na leo ndivyo ninavyofundisha. Kama unaanza mada ya seli, usianze na majina. Shika penseli, chora utando, kisha jiulize: niko ndani ya nini, na nikitaka kutoka navuka tando ngapi?

Rudi kwenye oksijeni. Ukuta wa kifuko cha hewa ni seli: kuingia ni utando wa kwanza, kutokea upande wa pili ni wa pili. Ukuta wa kapilari, mshipa mwembamba kabisa wa damu, nao ni seli, basi wa tatu na wa nne. Wa tano ni wa chembe nyekundu yenyewe.

Neno "utando" huwapoteza wengi, kwa kuwa wanakumbuka wa buibui na kuchora wavu wenye matundu. Tazama mafuta juu ya mchuzi: yanateleza, yanakutana, matone mawili yanakuwa moja. Utando wa seli ni mafuta ya namna hiyo, tabaka mbili, vichwa vinavyopenda maji vikielekea nje na ndani, mikia inayokimbia maji ikijificha katikati. Unene wote ni kama nanomita 7 au 8. Mwaka 1925, Gorter na Grendel wa Uholanzi walitoa mafuta kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo karibu mara mbili ya lile la chembe zenyewe. Chembe hizo za mamalia zikikomaa hazina kiini wala mitokondria, sehemu za ndani zenye tando zake, kwa hiyo mafuta yale yalikuwa ya utando wa nje tu. Mimi nilipolisoma hili ndipo nilipoamini habari ya tabaka mbili. Kabla ya hapo nilikuwa naikubali tu.

Ukishika hilo, vilivyomo ndani utavipanga bila shida. Ribosomu, zinazotengeneza protini, hazina utando kabisa. Laisosomu, kifuko cha kumeng'enyea taka za seli, ina mmoja, uliofungia vimeng'enya kwenye asidi ya pH karibu 5, wakati nje yake ni kama 7.2. Kloroplasti, inayotengeneza chakula cha mmea kwa mwanga, ina mbili zinazoizunguka, na nyingine tena ndani.

Mitokondria, inayoipa seli nishati, ina mbili, na hapa usikimbie. Protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya, husukumwa kuvuka utando wa ndani na kurundikana kati ya tando hizo mbili. Zinaporudi kupitia kimeng'enya kilichopachikwa kwenye utando, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hutengenezwa. Fikiria bwawa la umeme la Mtera: ukingo ukitoboka, maji yatapita lakini mitambo haitazunguka. Mwanafunzi akielewa hivyo, simuulizi tena kwa nini utando ule umekunjwakunjwa. Ananieleza mwenyewe.

Kiini kina mtego. Kina tando mbili, ila zina vitundu, na RNA, nakala ya maagizo ya kiini, hutokea humo humo. Imevuka tando ngapi? Sifuri. Binti mmoja alinibishia jambo hili siku mbili nzima, na nilifurahi sana, maana alikuwa anafikiri.

Jaribu pia jikoni. Kata bitiruti vipande, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha weka vingine kwenye maji baridi na vingine kwenye maji moto. Usiruke kusuuza. Mara ya kwanza niliruka, rangi ya seli zilizokatwa na kisu ikachafua vikombe vyote viwili, kipindi kizima kikapotea. Ukisuuza vizuri, maji moto yatageuka mekundu na baridi yatabaki karibu safi, kwa sababu joto limeharibu tando. Rangi hiyo hukaa kwenye vakuoli, kifuko kikubwa cha maji ndani ya seli ya mmea. Kabla hujamwaga maji, andika imevuka tando ngapi: wa vakuoli, kisha wa seli. Mbili. Ukuta wa seli usiuhesabu, haukuizuia.