Mwanangu ana usonji, roboti ya muziki itamsaidia?

SWALI: Mwanangu ana miaka 6 na ana usonji, maneno yake machache sana ila ukiwasha muziki anakuja mbio mwenyewe. Nimeona video ya roboti inapiga marimba na mtoto kama yeye anaifuatisha, nikatamani. Hofu yangu asije akazoea mashine akatukimbia kabisa sisi watu. Mama J.

JIBU: Mama J, hongera kwanza, manake kugundua kwamba muziki ndo mlango wake ni kazi kubwa umeshaifanya. Hizo roboti zipo kweli. Kuna moja inaitwa NAO, ilitengenezwa Ufaransa, ina sentimita 58 tu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Denver kule Marekani waliiwekea marimba mbele yake: inapiga noti, inasubiri, mtoto anapiga, inamsikiliza halafu inamwambia kapatia au arudie.

Kwa nini watoto wengi wanaipenda? Uso wa mtu una mambo mengi, mara nyusi zimepanda mara sauti imebadilika, yote kwa mpigo, na mtoto wako anachoka kuyafuatilia, lakini roboti ikirudia mara ya 20 ni vilevile kama ya kwanza, hainuni wala haina haraka, basi mtoto anapumua na kujifunza kusubiri zamu yake.

Hofu yako ni ya msingi sana. Ndo maana mtaalamu lazima awepo chumbani, na mimi ningemuuliza swali moja tu: lini roboti itaondoka na mtu akae mahali pake? Akikosa jibu, usimpeleke. Mwangalie pia mtoto na ile milio ya mota, wengine inawaumiza masikio kabisa.

Ila usitegemee usonji uondoke. Tafiti za roboti nyingi zimefanywa kwa watoto wachache mno, na hata tiba ya muziki ya kawaida, utafiti wa 2017 wa watoto 364 katika nchi 9 haukuona dalili kuu zikipungua kuliko kwa wenzao wasioipata.

Kwa sasa anza wewe bila roboti. Kaa naye chini na kingoma, yeye apige chochote na wewe umfuatishe vilevile alivyopiga, fanya hivyo siku kadhaa, halafu siku moja nyamaza ghafla usubiri. Akikutazama mbona hupigi, piga hapohapo.