Laini ya mume usiiandikishe TASAF, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Buza, hapana! Umesema jina lako limepita TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mume anakupiga, huna laini yenye jina lako na yeye kasema "weka namba yangu, si nyumba moja". Usiweke. Mambo ya shule na mkopo wa halmashauri uliyoniuliza subiri kwanza, hili la laini ndo litakumaliza.

Mimi nilifanya hivyohivyo Mbagala. Sikuwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA, laini yangu ikazimwa ile Januari 2020 walipozima ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole, nikawa natumia simu ya mume. Wakati wa kuandikisha namba ya kupokelea hela ya TASAF mama mmoja wa mtaani, mtu mzima namheshimu, akaniambia mwanamke mwenye adabu hela ya nyumba inapitia kwa baba wa nyumba. Nikamsikiliza! Yule mama mpaka leo sijamsamehe, maana yeye kibubu chake alikuwa anakificha chini ya gunia la mkaa mumewe asikione.

Basi hela inakuja kila baada ya miezi miwili, meseji inaingia kwake, anatoa yeye, mimi naambiwa bado haijaingia, nikiuliza mara ya pili kofi. Nikakimbilia kwa dada Gongo la Mboto. Unajua kilichonirudisha? Sio mapenzi, nilihesabu siku nikaona malipo yamekaribia na mtoto hana viatu vya shule, nikapanda daladala mwenyewe nikarudi. Nimerudi hivyo mara tatu. Hela ya kuninusuru ndo ikawa kamba ya kunivuta kwa anayenipiga. Mara ya tatu akanivunja mkono, sasa maandazi unakanda na mkono gani, mtaji tukaula, marejesho ya kikoba yakanishinda, wakaja wakabeba jiko la gesi na masufuria huku wanangu wanaangalia.

Mkono umevimba hivyohivyo nikaenda polisi Dawati la Jinsia na Watoto, wakanipa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ndo nikatibiwa. Na akija mtu kukwambia mume ana haki ya kumrudi mkewe, mwambie Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 kinakataa, hakuna mwenye ruhusa ya kumchapa mwenzake.

Hela iingie kwenye laini ya kidole chako, simu ilale kwako, namba ya siri ibaki kichwani kwako, hata mtoto asiijue maana mtoto anaulizwa na baba yake anasema. Mkopo wa halmashauri ni wa kikundi, zile asilimia 4 za mapato ya halmashauri zinazotengwa kwa wanawake, hautakimbia.

Kesho kabla hujawasha jiko nenda ofisi ya NIDA. Kadi usiisubiri, ukipata namba tu laini inasajiliwa, kisha nenda kwa mtendaji wa mtaa na hiyo namba mpya. Akikuuliza mumeo ulikuwa wapi sema ulienda kliniki. Ukimaliza niandikie, hata iwe saa sita usiku nitasoma.