Lenana mwezi wa Novemba: twende au tuahirishe?

Ndugu, umesema mmepanga siku tatu kufika Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya, katikati ya Novemba, na utabiri unabadilika kila ukiufungua. Utaendelea kubadilika. Mlima Kenya hujitengenezea hali yake ya hewa: asubuhi vilele vinang'aa, mchana mawingu yanapanda kutoka bondeni, alasiri mvua au theluji. Na Novemba ni vuli.

Mimi ningeongeza siku moja, si kwa ajili ya mvua tu. Lenana ina mita 4,985, na mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi. Siku hiyo ya ziada, mlale tena kambi ya Shipton's (mita 4,200). Ndiyo itakayowaruhusu kusubiri kilele kifunguke.

Pandeni kwa njia ya Sirimon. Upande huo ni mkavu zaidi. Njia ya Naro Moru ina kinamasi ambacho msimu huu kinameza buti mpaka kifundoni, nami sikitamani tena.

Tokeni kambini saa tisa usiku, mfike juu jua linapochomoza, mshuke kabla ya mawingu. Mkisikia radi mkiwa kwenye ukingo, geukeni, hata kama kilele kinaonekana.

Jinzi ziache nyumbani, zikilowa hazikauki. Nguo za kulalia na soksi jozi moja zifungeni kwenye mfuko usiopitisha maji, na msiziguse mchana hata mkitetemeka vipi. Mwavuli? Upepo wa kule utakucheka.