Maswali na majibu: Simu yako inafuata kanuni za nani?

Barua za safari hii zina neno moja, algorithimu, na kila mmoja ameliandika kwa tahajia yake. Nimechagua sita.

Neno hili nalisikia redioni kila siku. Algorithimu ni mashine, ni programu au ni watu? (Muuza mitumba, soko la Owino, Kampala)

Si mashine wala si mtu. Ni utaratibu: hatua zilizopangwa waziwazi hivi kwamba yeyote akizifuata, hata asiyejua sababu yake, atafika palepale. Jirani na kibanda chako hawakosi wazee wanaocheza omweso. Ubao una mashimo 32, kete 64. Unachota kete za shimo moja na kuzipanda mojamoja kwa mzunguko. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazichota hizo pia na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu yako imekwisha. (Habari ya kuteka nimeiruka, waulize wazee, watafurahi kukueleza hadi jioni.) Ukishachagua shimo la kuanzia, mkono wako hauamui kitu tena, kanuni ndiyo inayotembea. Basi hiyo ndiyo algorithimu, na kompyuta ni mkono unaopanda kete kwa kasi ya ajabu.

Neno lenyewe limetokana na jina la Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake juu ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi kilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake likageuka Algoritmi. Kwa hiyo msione haya kulikosea. Neno zima ni jina la mtu lililotamkwa vibaya.

Naendesha bodaboda Bwaise kwa kutumia programu ya simu. Abiria yuko ng'ambo tu, namwona kwa macho, lakini safari anapewa mwenzangu aliye mbali. Ni upendeleo? (Mwendesha boda, Bwaise)

Huenda ni barabara kuu ya Northern Bypass tu iliyo kati yenu, ndugu yangu. Wewe unapima kwa macho, programu inapima kwa barabara. Ili ufike ng'ambo kihalali lazima uende hadi makutano, ugeuke, urudi. Mwenzako yuko mbali lakini yuko upande wa abiria. Najua wewe ungepita njia ya panya. Ramani haiijui, na heri trafiki naye asiijue.

Njia ya kutafuta barabara fupi ilibuniwa mwaka 1956 na Mholanzi Edsger Dijkstra, akiwa amekaa mkahawani Amsterdam na mchumba wake. Alisema baadaye kwamba ilimchukua dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi. Ukitaka kuifuata, mahali ulipo paandikie sifuri. Kila njia panda ya jirani iandikie dakika za kuifikia. Kisha chukua ile yenye dakika chache kuliko zote, ifunge, na uwatazame majirani zake: je, kupitia hapa nawafikia mapema kuliko nilivyoandika? Kama ndiyo, futa, andika upya. Endelea hivyo hadi ufunge mahali unapokwenda. Ramani za leo zimeongeza mengi juu yake, hasa mwendo wa simu zilizoko barabarani, ndiyo maana foleni ya Kalerwe inaonekana nyekundu kabla hujaifikia.

Ila umbali si kigezo pekee. Kampuni inaweza kuhesabu pia nyota ulizopewa na abiria, au safari ulizokataa. Kila kampuni ina kanuni zake na haizibandiki ukutani. Hapo swali lako la upendeleo ni halali kabisa, nenda ofisini kwao ukaulize.

Mwanangu alitazama goli moja la Arsenal kwenye simu yangu. Sasa kila nikifungua ni mpira, halafu watu wanaogombana juu ya mpira. Nani kaiambia simu? (Mama wa watoto watatu, Jinja)

Mwanao, mama, kwa kidole chake. Mitambo hii haihitaji kuambiwa unachopenda, inatazama unachofanya: umetazama hadi mwisho au umeruka, umerudia, umesimama sekunde ngapi. Kisha inatafuta watu wengine waliotazama goli lile na kuuliza wao walibaki kwenye nini baadaye. Kama walibaki kwenye ugomvi, nawe unaletewa ugomvi. Haijui Arsenal ni nini. Inajua kwamba waliotazama hii walitazama na ile.

Mwaka 2012 YouTube iliacha kutanguliza idadi ya mibofyo na kutanguliza muda ambao mtu anakaa akitazama. Walikuwa na sababu, kwa sababu vichwa vya habari vya uongo vilikuwa vikivuna mibofyo ya bure. Lakini kanuni hupata kile inachohesabu, na muda wa kutazama haubagui kati ya raha na hasira. Dawa ni ndogo: bonyeza kwa muda mrefu video usiyoitaka, chagua kwamba haikuvutii, na ufute historia ya kutazama kwenye mipangilio. Itachukua siku kadhaa simu ikusahau. Mtoto usimpige.

Kuna kijana kwenye WhatsApp anauza kwa shilingi 20,000 algorithimu inayotabiri ule mchezo wa kamari wa ndege inayopaa. Ninunue? (Mwanafunzi, Gulu)

Usinunue. Angekuwa nayo, angekuwa na shida gani na 20,000 zako?

Niliomba mkopo wa simu wa 50,000 nikanyimwa. Jirani yangu asiye na kazi akapewa 200,000. Hii ni haki? (Muuza mboga, Busia)

Nakuelewa, dada, kwa sababu yalinikuta. Simu yangu iliibwa kwenye paki ya teksi nikachukua laini mpya. Mwezi uliofuata nikaomba 100,000 na jibu likaja kabla sijashusha kidole: hustahiki kwa sasa. Mimi ni mtu mzima mwenye mshahara. Lakini kanuni haikuniona mimi, iliona laini ya wiki tano.

Kwa kawaida kanuni za namna hii hutoa alama kwa mambo kama haya: laini ina umri gani, pesa ngapi zinaingia na kutoka kwa mobile money na kwa mpangilio upi, mikopo ya nyuma ililipwa lini. Wewe unauza nyanya kwa pesa taslimu, jioni unazifunga kwenye leso. Biashara yako ni ya kweli, ila mtambo hauioni. Jirani yako huenda anatumiwa pesa na nduguze kila wiki, na kila senti inapita kwenye simu. Hana kazi, lakini ana alama.

Baadhi ya kanuni hizi hazikuandikwa hatua kwa hatua na mtu. Kompyuta hulishwa kumbukumbu za wakopaji wa zamani, waliolipa na waliokimbia, ikatafuta yenyewe dalili za kuwatofautisha. Hapo hata afisa wa mkopo anaweza asijue kwa nini ulikataliwa. Anaona alama tu, kama wewe. Kama wakopaji wa zamani hawakuwa na wauza mboga wengi, kosa hilo linarithiwa.

Sheria ipo. Sheria ya Uganda ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inakupa haki ya kudai kwa maandishi kwamba uamuzi unaokugusa kwa uzito usifanywe na mtambo peke yake, na uamuzi wa namna hiyo uangaliwe upya. Ina vighairi vyake, lakini barua moja haigharimu kitu. Wakati huohuo, wateja wako wa kila siku waombe walipe kwa simu. Alama zitapanda, na makato nayo utayaona, hilo sikufichi.

Nilituma pesa kwa namba isiyo sahihi kwa kukosea tarakimu moja. Mbona kompyuta haikunizuia? (Mwanajeshi mstaafu, Bombo)

Afande, kwa sababu namba ya simu haina mlinzi. Namba nyingine zinaye. Mwaka 1954 Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliomba hataza ya njia ya kuongeza tarakimu moja ya mwisho inayozilinda zilizotangulia. Kadi za benki zinaitumia, na pia ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe.

Tuchukue namba fupi, 38141. Anza kulia. 1 iache. 4 iongeze maradufu, 8. 1 iache. 8 maradufu ni 16, jumlisha 1 na 6, inakuwa 7. 3 iache. Jumla 1+8+1+7+3 ni 20, inagawanyika kwa kumi bila baki, imepita. Sasa ukosee kwa kubadilishana nafasi mbili za mwanzo, 83141: jumla ni 24. Imekataa.

Namba za simu hazikuundwa hivyo. Ukikosea tarakimu moja unaweza kuangukia laini ya mtu mwingine aliye hai na anayependa pesa. Mlinzi pekee ni jina linaloonekana kabla ya kuweka PIN, kwa hiyo lisome lote.

Na ukitaka mazoezi, piga *#06#, utaona ile namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu, maradufu kila ya pili kutoka kulia. Simu inayouzwa ikigoma kugawanyika kwa kumi, iache kwa muuzaji. Ikipita, bado inaweza kuwa ya wizi, kwani namba hunakiliwa. Anza na simu yako kwanza, ujue hesabu yako iko sawa kabla ya kumkabili mtu dukani.