Kabla hujasimama kwenye kaunta ya kituo cha wageni

Wengi wanaokuja kujitolea kwenye vituo vya wageni vya hifadhi za kihistoria hapa Marekani hujiandaa kwa kusoma historia. Wanasoma sana, na ni jambo jema. Lakini siku ya kwanza kwenye kaunta swali la kwanza huwa ni choo kiko wapi, la pili kama kuna maji ya kunywa, la tatu ni mwendo wa dakika ngapi kufika kwenye ngome na kurudi kabla mtoto hajachoka. Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu nimewaona watu wenye elimu kubwa wakivunjika moyo hapo, wakidhani wamepewa kazi iliyo chini ya uwezo wao. Si hivyo hata kidogo. Mtu aliyeendesha gari tangu alfajiri, akiwa na mama yake mwenye magoti mabovu, hawezi kusikia habari za mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, mpaka ajue mama atakaa wapi. Mpokee mtu kwanza. Historia ina subira.

Niseme kidogo kuhusu taratibu, maana nazo zina mambo yake. Hifadhi za serikali kuu zinasimamiwa na National Park Service, idara iliyoanzishwa mwaka 1916, na mpango wake wa watu wa kujitolea una sheria maalumu tangu 1970. Idara hiyo ina maeneo zaidi ya 400, na mengi si ya milima na wanyama kama watu wanavyodhani. Ni ngome, viwanja vya vita, nyumba, shule, makaburi. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti ya Volunteer.gov. Majimbo nayo yana hifadhi zake, na huko mara nyingi utakuta mwenyeji anayeishi papo hapo: anakuja na karavani lake, anapewa sehemu ya kuegesha yenye umeme na maji, naye anatoa saa za kazi walizokubaliana kila wiki.

Utasaini makubaliano yanayotaja kazi zako. Yasome neno kwa neno. Kwenye hifadhi za serikali kuu, ukiumia ukiwa unafanya kazi uliyopangiwa, sheria ya fidia inakuhesabu kama mtumishi wa serikali. Ukipanda paani kuzibua mfereji wa maji ya mvua wakati karatasi yako inasema mapokezi, huenda umejitoa mwenyewe kwenye kinga hiyo. Kama si raia wala huna ukaazi wa kudumu, ulizia suala la viza kabla hujajaza fomu. Kutolipwa mshahara hakufanyi kila viza iruhusu kazi hii. Na saa zako uziandike siku ileile. Ukifikisha 250 unastahili pasi ya mwaka mmoja ya kuingilia maeneo ya hifadhi za serikali kuu, na saa zisizoandikwa hakuna atakayezikumbuka.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya zamu yako ya kwanza, tembea njia zote ambazo utawaelekeza wageni. Usitegemee ramani. Ramani haikuambii kwamba vidato vya ngazi za kupandia ukutani ni virefu kwa mtu mfupi, kwamba benchi la kivulini liko baada ya kona ya pili, kwamba simu inapoteza mtandao ukifika nyuma ya ghala la baruti. Tembea asubuhi, kisha rudi utembee saa nane mchana jua likiwa kali. Mgeni akikuuliza kama kiti cha magurudumu kinapita, anataka jibu la mtu aliyepita pale. Jibu la "nadhani kinapita" linaweza kumfanya mtu akwame katikati ya changarawe, na hilo litakuwa juu yako.

Mgeni akifika kaunta, mwache amalize kutazama huku na huko, msalimie, kisha umuulize mambo matatu: mna muda gani, mmewahi kufika, mko na nani. Majibu hayo yanakuchagulia cha kusema. Mwenye dakika 40 mpe vitu viwili tu vya kuona, si vyote kumi na viwili. Kosa ninaloliona zaidi kwa wapya ni kumwaga kila walichosoma kwa mtu wa kwanza aliyeonyesha kupendezwa. Mgeni anatikisa kichwa kwa adabu huku wanawe wameshatoka nje. Ramani igeuze imwelekee yeye, wewe uisome kichwa chini. Utazoea baada ya siku chache. Chora njia kwa kalamu mbele ya macho yake, andika saa ya filamu fupi itakapoanza, andika saa ya kufunga geti. Karatasi yenye mwandiko wako ndiyo atakayoishika mpaka jioni.

Kuna muhuri pale kaunta. Tangu mwaka 1986 wageni hununua kitabu kidogo mfano wa pasipoti, na kila hifadhi wanayofika wanagonga muhuri wenye jina la mahali na tarehe. Wapo waliozunguka nchi nzima kwa ajili ya mihuri hiyo. Badilisha tarehe kabla ya kufungua mlango, ugonge kwenye karatasi ya majaribio, uone kama wino unatosha. Muhuri wenye tarehe ya jana unamuumiza mtu aliyetoka mbali, na hana namna ya kuufuta.

Watoto nao wana kijitabu chao cha mhifadhi mdogo. Wakijaza maswali wanakula kiapo na kupewa beji. Usiwape majibu, hata mzazi akikukonyeza kwamba wana haraka. Waonyeshe chumba lilipo jibu. Kiapo kikifika, toka nyuma ya kaunta, piga goti usawa wa macho ya mtoto, na ukisimamie kwa uzito wote. Mtoto anajua kabisa kama unamchukulia kweli.

Kuhusu usahihi wa unachosema, hapa ningependa mnisikilize vizuri. Maneno ya mtu aliyesimama ndani ya hifadhi huaminiwa kuliko anavyostahili. Mgeni akirudi kwao atasema "niliambiwa palepale." Kwa hiyo kila hadithi tamu ichunguze kabla hujaitoa. Kwenye hifadhi ya Harriet Tubman, Maryland, wageni wengi watakuambia aliwaokoa watu 300 kutoka utumwani kwa safari 19. Utafiti wa sasa unaelekea kwenye watu wapatao 70 kwa safari kama 13. Wapya wengine huogopa kusema hivyo wakihisi wanampunguzia heshima mama yule. Mimi naona kinyume: mwanamke mwenyewe alikuwa mtumwa aliyetoroka, akarudi mara kwa mara mahali ambapo angeweza kukamatwa, na hakuhitaji kuongezewa idadi na mtu yeyote. Gettysburg nako, kwenye uwanja wa vita ulioko Pennsylvania, utasikia kwamba Rais Lincoln aliandika hotuba yake ya tarehe 19 Novemba 1863 nyuma ya bahasha akiwa kwenye treni. Haikuwa hivyo. Na kwenye makazi ya kale ya miambani kama Mesa Verde, usithubutu kusema kwamba wenyeji wake walitoweka. Walihama kabla ya mwaka 1300 kuisha, na wajukuu zao ni jamii za Pueblo, wenyeji asilia wa Marekani, zilizo hai leo. Inawezekana kabisa mmoja wao amesimama mbele yako na familia yake wakati unayasema hayo.

Usilolijua, sema hulijui, kisha mwite mhifadhi au fungua faili la maswali lililo kaunta. Mgeni hapungukiwi na kitu kwa kusubiri dakika mbili.

Yapo maeneo ambayo historia yake inauma, na hayo ndiyo yanayohitaji moyo wenu zaidi. Manzanar, California, ilikuwa kambi ya watu wenye asili ya Japani waliohamishwa kwa nguvu kutokana na amri ya rais ya Februari 1942. Kwa wakati mmoja walifika zaidi ya 10,000, na wengi wao walikuwa raia wa Marekani. Katikati ya New York, mwaka 1991, wachimbaji wa msingi wa jengo la serikali walikuta makaburi ya Waafrika wa enzi za ukoloni. Mabaki ya watu 419 yakatolewa, na mwaka 2003 yakazikwa upya kwa heshima. Fort Monroe, Virginia, iko kwenye rasi ileile ambako Waafrika wa kwanza katika koloni lile la Kiingereza waliteremshwa mwaka 1619. Miaka zaidi ya 240 baadaye, Mei 1861, wanaume watatu waliokuwa watumwa walivuka maji usiku kwa mtumbwi kuikimbilia ngome hiyo, na jenerali aliyekuwa na amri pale akakataa kuwarudisha kwa aliyedai kuwamiliki. Majina yao ni Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend. Yashike kichwani, na uyatamke. Kwenye maeneo ya namna hii wageni wameshasikia majina ya majenerali. Ni nadra kusikia majina ya waliokimbia.

Mimi ni Mwafrika, na mahali kama hapo wageni huniuliza mambo ambayo hawangemuuliza mwenzangu. Wengine huniuliza kwa upole, wengine huniomba radhi kana kwamba mimi ndiye niliyedhulumiwa. Nimejifunza kutoifanya zamu yangu kuwa habari yangu. Namrudisha mgeni kwa watu wa mahali pale, kwa barua zao, kwa kuta walizojenga, kwa orodha ya majina iliyo ukutani. Akilia, mpe nafasi na kiti, usimfariji kwa maneno mengi. Akibishana, usishindane naye. Mwonyeshe waraka uliopo kwenye maonyesho, mwache ausome mwenyewe. Wengine hubadilika hapo hapo mbele ya kioo cha maonyesho, wengine huondoka na hasira, na wote wawili walistahili adabu yako.

Halafu wapo wanaokuja na kitu ambacho hifadhi haina: picha ya babu aliyepigana pale, jina la bibi aliyezaliwa kambini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Funga mdomo, vuta kiti, sikiliza. Muulize kama yuko radhi kuzungumza na mhifadhi anayeshughulikia kumbukumbu, na ukikubaliwa umpeleke mwenyewe badala ya kumwelekeza kwa kidole.

Kuhusu vitu vinavyookotwa: sheria ya mwaka 1979 inalinda mabaki ya kale yaliyo kwenye ardhi ya serikali kuu. Mtu akikuletea risasi ya zamani au kigae, usimkaripie na usikipokee tu ukakitupa kwenye droo. Muulize hasa alikiokota wapi, mwite mhifadhi. Kitu kilichoondolewa mahali pake ni ukurasa uliochanwa kitabuni. Maneno bado yapo lakini hujui yalikuwa yanafuata nini. Petrified Forest, Arizona, hupokea kwa posta vipande vya miti iliyogeuka mawe kutoka kwa watu waliojuta baada ya kuvichukua, na hifadhi haiwezi kuvirudisha kwa sababu hakuna ajuaye vilitoka sehemu gani. Waeleze wageni wako kisa hicho mapema, kabla hawajatoka kwenda njiani. Kinawatuliza mikono kuliko kibao cha faini.

Wewe si askari. Sare yako imetofautishwa na ya wahifadhi makusudi. Ukimwona mtu akipanda ukuta wa kale, mwambie kwa upole kwa nini ukuta hauhimili, na asiposikia tumia redio ya mkononi, usimfuate. Siku ya kwanza kabisa jifunze redio hiyo, nani anaitwa kwa lipi, na kifaa cha kushtua moyo kimetundikwa wapi.

Ukipata nafasi ya kuchagua, anza siku za kazi nje ya msimu wa kiangazi, wakati kaunta inakupa muda wa kuongea na mtu mmoja hadi mwisho. Na kabla ya kufunga, andika kwenye daftari la zamu maswali yaliyokushinda na njia iliyofungwa kwa mti ulioanguka, ili atakayefungua kesho asianze kwa kubahatisha.