Kwa muuguzi anayesema sala imekuwa kavu

Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Umesema tangu mafuriko uko kambi ya kipindupindu, mtoto kakufia mkononi ukimtafutia mshipa, na sasa ukisimama kuswali husikii kitu. Unauliza kama imani imekutoka.

Haijakutoka, umechoka. Mwaka 2011 ilipozama meli ya MV Spice Islander ikielekea Pemba, nilikuwa viwanja vya Maisara, Unguja, zilikoletwa maiti, na ukavu huo naujua. Mawaidha marefu hayakunifaa (wenye kuyatoa hawakukosekana!). Alinifaa mama mmoja wa Wete aliyekuwa ndio kwanza kamtambua mwanawe. Alinitazama akaniambia, "Aliyezama ni shahidi, mwanangu. Wewe ushakula?"

Na aliyekufa kwa maradhi ya tumbo naye tumefundishwa yumo humo, katika mashahidi, wenye daraja ya waliokufa katika njia ya Mungu. Mshike mtoto wako kwa hilo.

Kisha watazame na wanaopona. Analetwa macho yamedidimia, ngozi ukiibana hairudi. Dripu, maji ya chumvichumvi kijiko kwa kijiko, baada ya saa kadhaa anakojoa na kulilia uji. Kipindupindu kikiwahiwa, hufa chini ya mgonjwa 1 katika 100. Mimi dua zangu nilizirudishia hapo, kwenye mkojo wa mtoto, usicheke.

Zamu ikikubana, muulize sheikh wako juu ya kujumuisha Adhuhuri na Alasiri. Na usingizi usiporudi baada ya wiki mbili tatu, nenda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, ukazungumze nao. Waseme watakavyosema mtaani, wewe nenda.